Ufunguzi wa Jengo la Kupumzikia Ndugu wa Wagonjwa, Ihangilo

Ihangilo, Jumapili, 28 Julai 2024

Dada Veneranda,

Jana nilirudi hospitali kumrudishia Mama Anyitike sufuria aliyotuazima wakati mama amelazwa. Nikakuta ndiyo siku ya kufungua lile jengo la ndugu wa wagonjwa, tulilokuwa tukiahidiwa tangu mama yuko hai. Kile kibanda chetu cha turubai, chini ya dirisha la wodi ya wanawake, hakipo tena. Ndugu wa wagonjwa wamekibomoa wenyewe asubuhi, wakicheka, kwa sababu waliambiwa kabla ya jioni wangekuwa ndani. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Eliezeri Mwakisyala, Mratibu wa Huduma Saidizi wa Kanda. Niliirekodi hotuba yake kwenye simu, nami nakuandikia yote. Yaliyo kwenye mabano ni yangu.

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Ndugu Makamu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Ndugu Katibu wa Kamati Ndogo ya Chakula, ambaye harufu ya kazi yake imeshatufikia, Mheshimiwa Diwani, Ndugu mwakilishi wa Mheshimiwa Diwani, maana Mheshimiwa Diwani hayupo, Mganga Mfawidhi, viongozi wa dini mliokaa kivulini, na ninyi mliokaa juani, wazee maarufu, wazee ambao bado hamjawa maarufu, wadau wa maendeleo, waandishi wa habari, wote wawili, wagonjwa mnaotufuatilia kupitia madirisha, ambao kwa namna ya pekee nawapongeza kwa kuugua katika kipindi hiki cha mageuzi makubwa, ndugu wa wagonjwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Kamwene.

(Watu: Kamwene.)

Hamjaitikia. Mimi nimetoka Mbeya alfajiri, na baridi yote hii, nimeipita njia panda ya Rujewa bila hata kushuka kunywa chai, kwa ajili yenu. Nasema kamwene.

(Kamwene. Safari hii kwa nguvu kidogo. Mshereheshaji, yule Rabson wa duka la simu, alikuwa ametuonyesha kwa mikono namna ya kuinuka.)

Ndugu wananchi, nikisema Huduma Saidizi, ninyi mnasema Mlangoni Pako. Huduma Saidizi.

(Mlangoni pako.)

Ahsanteni. Ndugu wananchi, mtakumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita, nilipotembelea hospitali hii kwa dakika kumi na mbili, nilijionea kwa macho yangu mawili ndugu wa wagonjwa wakipika nje, wakifua nje, wakianika mashuka kwenye ua wa michongoma na kulala nje, na papo hapo, nikiwa bado ndani ya gari, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, nikasikia uchungu wa kiutendaji, nikatoa maelekezo kwamba uundwe mchakato wa kuunda timu ya kuandaa konsepti, na timu ile, ambayo naomba isimame tuione, haipo, imesafiri kikazi, ilifanya upembuzi yakinifu mara nne, ikabaini kwamba asilimia mia moja ya watu wanaolala nje hawalali ndani.

(Makofi. Rabson ndiye aliyeanza.)

Takwimu hizo hazikuwahi kupatikana kabla ya uongozi wangu. Tulibaini vilevile kwamba kila mgonjwa mmoja wa Nyanda za Juu Kusini ana wasaidizi wawili nukta saba, na kwamba hao wawili hukaa, ila huyo nukta saba ndiye anayebeba ndoo, ndiye anayetumwa dawa, na hana pa kuegemea ubavu. Ndipo nikajiuliza, mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu, Eliezeri, huyu nukta saba atalala wapi? Nikakosa usingizi. Mke wangu ni shahidi, ingawa yeye alikuwa amelala.

(Kicheko. Dada, hapo mimi pia nilicheka. Nilikumbuka mama alivyokuwa akiniambia dirishani, "Jailos, wewe huko nje umelala?" na mimi nasema nimelala, na yeye anasema, "Mbona unaitika?")

Leo, ndugu zangu, jibu limesimama nyuma yangu. Mnaliona. Jengo la ghorofa moja, paa la bluu, madirisha ya vioo, bustani ya maua, na kama mtaangalia vizuri, hata mama mmoja amekaa kibarazani akitabasamu.

(Ni kweli, lilionekana hivyo. Kwa mbali lilipendeza. Lilikuwa bango kubwa limesimamishwa kwenye fremu ya mbao, refu kuliko wodi, na utepe mwekundu umefungwa mbele yake kati ya mikaratusi miwili. Tulikuwa tumeambiwa bango linaziba jengo lenyewe mpaka utepe ukatwe, ili tushangae. Upepo wa Julai ulikuwa mkali, kwa hiyo miguu ya fremu walikuwa wameikandamiza kwa mawe. Mama Anyitike aliyatazama yale mawe. "Lile jeusi ni figa langu," akasema. "Na yale ya Mzee Nkuba.")

Ndani ya jengo hili, ndugu wananchi, kuna vitanda mia mbili vyenye magodoro. Kuna mabafu ya maji moto, ya kina mama na ya kina baba, na moja la wadau. Kuna sehemu ya kufulia na kuanikia, ili michongoma yetu sasa ipumzike. Kuna jiko la gesi la kisasa, la sahani kumi na sita, lisilo na moshi wala majivu. Kuna dawati la kastama kea ambapo ndugu atapokewa kwa tabasamu kabla hajaulizwa shida yake. Kuna sanduku la maoni, na sanduku la pili la kupokea maoni kuhusu sanduku la kwanza. Na zaidi ya yote, kuna sistimu ya kielektroniki ya kuwaita ndugu, kwa sababu nimeelezwa kwamba hapa mpaka leo nesi anachungulia dirishani na kupiga kelele, jambo ambalo katika karne hii.

(Hapo ndipo nesi alipochungulia dirishani na kuita, "Ndugu wa Minza." Unajua utaratibu wa pale. Wanaita mara moja. Asiyesikia, chakula cha mgonjwa wake kinapita. Lakini spika za sherehe zilikuwa zimeelekezwa kwenye wodi, na Mzee Nkuba alikuwa amekalishwa mstari wa mbele, kwa sababu ana koti zuri. Hakusikia. Mama Anyitike akapita katikati ya viti, akamgusa bega. Akainuka.)

Naona mzee mmoja amesimama kwa furaha. Asante, mzee. Hiyo ndiyo ari tunayoitaka.

(Rabson akamfuata mbio. "Mzee wangu, kaa chini, mgeni rasmi anaongea." Nkuba akasema, "Naitwa dirishani." Rabson akasema, "Utaitwa tena." Mama Anyitike akamwambia, "Wewe Rabson, siku ukilazwa hapa ndiyo utajua kama wanaita tena." Mzee Nkuba ni yule Msukuma mfugaji wa Usangu, alikuja na mkewe Minza siku mbili kabla hatujamtoa mama. Minza alifanyiwa upasuaji wa tumbo Alhamisi. Tangu siku hiyo hajaweka kitu mdomoni.)

Nikiendelea, ndugu wananchi, mradi huu umetekelezwa kwa fezi. Fezi ya kwanza ilikuwa kuondoa vibanda vya turubai vilivyokuwa vinaharibu taswira ya hospitali, na fezi hiyo, nafurahi kutangaza, imekamilika leo saa mbili asubuhi kwa asilimia mia moja na mbili, na imetekelezwa na wananchi wenyewe, kwa mikono yao wenyewe, bila shuruti, jambo ambalo wenzetu wa mikoa mingine watakuja kujifunza. Jipigieni makofi.

(Wachache walijipigia. Mzee Nkuba alikuwa amerudi kutoka dirishani. Nesi kamwambia Minza ameruhusiwa uji, mwepesi, wa moto, na uletwe sasa hivi kabla ya dawa. Unga anao, sufuria anayo, maji anayo. Moto hana. Jiko la wapishi wa sherehe limejaa pilau ya wageni, na mpishi alikuwa amemwambia asubiri mpaka Mheshimiwa ale. Kwa hiyo akaja mpaka mbele ya meza kuu, akavua kofia.)

Ndiyo, mzee, karibu, unataka kutoa shukrani kwa niaba ya wenzako?

("Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Nkuba, na Mheshimiwa akaitikia marahaba, ingawa ni mdogo kwa Nkuba kwa miaka kumi. "Nataka mawe yangu.")

Mawe gani, mzee?

("Hayo yaliyokanyaga miguu ya nyumba yako. Ni mafiga yangu. Mke wangu anangoja uji.")

Mzee wangu, inawezekana hukunifuatilia vizuri. Enzi za mafiga zimepita. Ndani humo kuna jiko la gesi la sahani kumi na sita.

("Basi nifungulie nikapike," akasema Nkuba. "Sahani moja inanitosha.")

(Hakusema kwa dharau. Aliomba tu, kama mtu anavyoomba kiberiti kwa jirani.)

Ombi hilo nimelipokea. Nimelipokea kwa mikono miwili, na nimwelekeze msaidizi wangu aliandike. Ufunguo, ndugu wananchi, upo. Upo kwenye mchakato. Ninachoomba ni subira, kwa sababu jengo haliingiwi ovyo, jengo linazinduliwa, linakabidhiwa, linapokelewa, linafanyiwa tathmini, kisha ndipo.

(Nkuba akashukuru, akarudisha kofia kichwani, akazunguka meza kuu, akainama na kuchukua mawe yake matatu, moja moja, anayaweka pembeni kwenye nyasi. Mama Anyitike naye akaenda kuchukua lake. Hakuna aliyewazuia, kwa sababu kila mtu alidhani mwingine atawazuia. Alipotoa lile jeusi, upepo ukaja, na nyumba yote ikainama mbele polepole, paa la bluu kwanza, ikalalia utepe, ikalalia maua ya plastiki, mpaka yule mama wa kibarazani akawa anatabasamu ardhini.)

(Nyuma yake kulikuwa na majani, kichuguu, na dereva wa Mheshimiwa anakula karanga.)

Msishtuke, ndugu wananchi. Mnachokiona ni sehemu ya dizaini. Majengo ya kisasa yanakunjika. Jengo lisilokunjika, siku ya tetemeko la ardhi linafanya nini? Linaanguka. Huduma Saidizi.

(Mtu mmoja tu kule nyuma, mgonjwa wa dirishani, akajibu, "Mlangoni pako," kisha akakohoa.)

Namalizia. Siwezi kuondoka bila kutoa shukrani, maana mshukuru mja ni mshukuru Mungu. Nawashukuru wenye viti na maturubai, wanaovihitaji saa tisa kamili. Namshukuru kwa moyo wa pekee kijana wetu wa kompyuta aliyelichora jengo hili kwa siku mbili tu, tena bila kuliona mahali popote, kwa sababu halipo mahali popote, kipaji cha aina hiyo ni adimu. Nawashukuru vijana waliolipakia kwenye pikapu kutoka Mbeya, ambako tulilizindua Jumamosi iliyopita, na ninawasihi walikunje vizuri, wafute vumbi, kwa sababu Jumatano linazinduliwa Njombe, na wananchi wa Njombe nao wana haki ya kuliona likiwa safi. Naishukuru kamati ya chakula, maana pilau hiyo, tofauti na mambo mengine, imekamilika. Na nawashukuru sana ninyi ndugu wa wagonjwa kwa kutuachia eneo. Afya kwanza. Ndugu kwanza. Ukarimu ni dawa. Mwakani, mtakapokuwa mnatafakari ni nani aliyewajali, msitafakari sana, mnikumbuke mimi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu watu walikuwa wamesimama kumzunguka Nkuba. Mmoja alikuwa ameleta kuni, mwingine kiberiti, mwingine anasogeza jiwe la tatu lisiyumbe. Uji ulichemka wakati wageni wananawa mikono.)

Hiyo ndiyo hotuba yote, dada. Minza alikunywa kikombe kizima, na nesi alitoka kutuambia kwamba ameomba kingine. Mzee Nkuba alikaa chini akageukia ukutani. Baadaye tulirudisha turubai palepale chini ya dirisha, wanaume wanne na Mama Anyitike akituelekeza, na nikashika kamba ya upande ule ambao mimi na wewe tulikuwa tunalala kwa zamu. Ilikuwa bado na fundo ulilolifunga wewe. Nililikaza tu.

Nilimwambia Nkuba kwamba nakuandikia wewe uliye Rujewa. Akaniuliza kama unaweza kufika kwao upeleke habari kwamba Minza ameanza kula. Mtoto wao mkubwa anaitwa Seni, anapatikana mashine ya kukobolea mpunga iliyo karibu na mnada. Mwambie hivyo tu, ameanza kula, baba yako yupo karibu naye.

Mimi nimeshindwa kurudi nyumbani leo. Nimebaki kumsaidia mzee kuchota maji. Siku nesi alipoita ndugu wa mama kwa mara ya mwisho nilikuwa bombani, wewe unajua, na sijawahi kulisema kwa mtu mwingine. Ukienda ibada ya Jumapili ijayo na ukamtaja mama, naomba unikumbuke na mimi.

Mdogo wako,
Jailos