Menyu Inayoomba Njia

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Mimi ni mzee wa miaka sitini na moja, mwenye ndevu, fundi wa mashini aliyestaafu. Naitwa Papa Kasuku.

Si hapa Kindu. Hapa mimi ni Mounira, miaka kumi na sita, yule ambaye mwalimu akimwuliza swali anatazama viatu. Lakini kwenye mtandao, pale wanapokutana watu wanaotengeneza programu yetu, mimi ni Papa Kasuku, na wananiita "cher doyen", mzee wetu mpendwa. Naipenda sana hiyo "cher doyen".

Programu yenyewe ndiyo sura ya mashini, yaani ya kompyuta: madirisha, vitufe, menyu, vyote kwa mtindo wa zamani, rangi ya kijivu. Ni ya bure na iko wazi. Yeyote anaweza kupasua tumbo lake, kusoma, na kupendekeza. Tonton Godefroid, kaka ya Mama, ambaye ninakaa kwake, ameiweka kwenye mashini zote za sekretaria yake hapa mtaani Alunguli, pale watu wanapoleta karatasi zichapwe. Mashini ni za kizee. Zinabeba kitu chepesi tu.

Leo siku mbaya. Mama Hélène, mchapaji wetu, amepoteza tena kurasa za mteja. Menyu yetu ina tabia hii: unabonyeza souris, kile kipanya cha mkononi, unashikilia, unashuka nayo, unaachilia pale unapotaka. Ukiachilia pabaya, basi. Na kidole cha shahada cha Mama Hélène hakikunjiki vizuri tangu miaka ya vita. Kinachoka, kinaachilia chenyewe. Alitaka "Hifadhi". Kikaachilia kwenye "Zima".

Tonton hakupiga kelele. Alisema kwa ule upole wake unaouma kuliko fimbo kwamba mama amechoka, na likitokea tena, Bienfait atachukua kiti chake, yeye aende kwenye fotokopi. Bienfait ni mtoto wa jirani. Anachapa haraka, anatafuna chingamu haraka vilevile. Tonton alipogeuka, alikijaribu kiti. Nilimwona!

Mama Hélène ndiye anayeniacha nikae kwenye mashini ya pembeni baada ya masomo, bila kuuliza nafanya nini. Akiondolewa, Bienfait atauliza. Tena, kumpa mama yule kazi ya kufunika na kufunua kile kifuniko cha fotokopi kutwa nzima, mbele ya wateja wake mwenyewe. Hapana.

Ningeweza kumwambia Tonton kwamba kosa ni la menyu. Sentensi moja. Nimeifanyia mazoezi msalani, kwa lugha mbili. Halafu nikaona njia rahisi zaidi: kubadilisha menyu ya dunia nzima.

Jumanne, tarehe 8

Mpango. Mgeni mwenye adabu haondoki kwa watu hivihivi. Anaomba njia. Mwenye nyumba asipompa, anakaa tena kidogo. Sasa kwa nini menyu ikimbie eti kidole kimeteleza? Yangu itakuja, itakaa, itaomba njia, na haitaondoka mpaka ipewe.

Papa Kasuku ameipeleka. Mkuu wa mradi, mtu wa mbali anayeitwa Paul, amejibu kwamba ni wazo la pekee, cher doyen, na kwamba tabia ya menyu itaamuliwa kwa kura Jumamosi. Baada ya hapo toleo linafungwa.

Adui mmoja. Anajiita Vieux Clavier, yaani Kibodi Kizee. Kifaransa chake kimepigwa pasi. Anasema menyu ni mtumishi, si mgeni. Kidole kikishika ikae, kikiachilia iende. Mzee wa Ulaya, hakika. Ana paka. Nimemjibu kwa heshima yenye miiba, nikamaliza kama ninavyomaliza barua zangu zote: "Je demande la route." Naomba njia. Sijaona mwingine pale anayemaliza hivyo. Ni mtindo wangu.

Jumatano, tarehe 9

Jaribio. Shule imefungwa, kwa hiyo nilitangulia kufika, nikaweka menyu yangu kwenye mashini ya Mama Hélène. Sikumwambia. Nilitaka afurahi mwenyewe.

Asubuhi nzima hakupoteza hata neno. Ushindi!

Tatizo dogo. Menyu hazikuondoka. Kila aliyoifungua ilikaa, ikaandika chini yake "Naomba njia", na Mama Hélène, mtu wa adabu, aliona aibu kuwafukuza wageni kabla hawajakaa vizuri. Kufika adhuhuri, kazi ya mwisho ya chuo ya mteja wetu Didier ilikuwa imefunikwa yote. Didier aliuliza kama kuna matanga ndani ya mashini. Bienfait alicheka mpaka chingamu ikamtoka.

Tonton alikuja. Alisimama nyuma ya kiti muda mrefu, mikono mgongoni. Ajabu, hakutazama kioo. Alitazama mkono wa Mama Hélène. Mimi nilikuwa nimechutama nyuma ya fotokopi. Halafu alirudisha menyu ya zamani bila kuuliza nani amefanya. Nimepona.

Alhamisi, tarehe 10

Vieux Clavier ameandika waraka. Anasema wakati wa vita mji wake ulizingirwa. Treni haikuja, mitumbwi haikuvuka. Yeye alikuwa na mashini moja, ameificha chini ya magunia ya mihogo. Hakuna karatasi, hakuna wino, hakuna mteja. Siku umeme ukibahatika, aliiwasha, akashika menyu, akaachilia. Akashika, akaachilia. Anasema miaka ile hakuna kilichomtii isipokuwa menyu hiyo.

Nimekasirika. Hiyo ni hadithi ya Tonton! Anaisimulia kila Noeli, mihogo na yote. Huyu mzee wa paka ameisikia wapi? Kuna watu hawana haya, wanaiba hata vita vya wenzao. Nimemwandikia hivyo hivyo: mwizi wa vita. Je demande la route.

Waraka wake umewalainisha watu. Kura zitamwendea yeye. Na Mama Hélène anashika souris kama ameshika yai. Mara mbili leo nimeona kidole kinatetemeka juu ya "Zima". Bienfait ameleta mto wake wa kukalia.

Ijumaa, tarehe 11

Mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza. Nimezaa wazee wawili. Papa Abedi wa Kailo, mkulima, anakosea Kifaransa makusudi. Mama Salama wa Kalima, mjane wa mchimbaji, analia kidogo katika kila aya. Wote wawili wanaipenda mno menyu inayoomba njia. Papa Kasuku amewashukuru. Wao wamemshukuru Papa Kasuku. Tumesifiana mpaka jioni.

Upande wa pili wa sekretaria Tonton alikuwa akisoma kitu kwenye simu, akacheka peke yake mpaka akavua miwani na kufuta macho. Sijui nini. Wazee wana vituko.

Jumamosi, tarehe 12

Nimekwisha. Paul ameandika kwa adabu kwamba kura tatu zimetoka kwenye laini moja, na kwamba wapigaji wote watatu wanamaliza barua kwa "Je demande la route", kitu ambacho hajakiona kwingine duniani. Kura zimefutwa. Hakuna tena cher doyen.

Nilikuwa natazama viatu. Tonton akavuta stuli ya wateja, akakaa karibu yangu.

"Papa Kasuku," akasema polepole, "unisalimie wazee wa Kailo na wa Kalima."

Alieleza kwamba alijua tangu Jumanne. Muntu gani mwingine anaomba njia kwa Kifaransa? Marehemu mama yake, nyanya yangu, ndiye aliyewaaga masista wa misheni kwa maneno hayo hayo, na masista walimfungulia lango wakidhani anataka kuonyeshwa barabara. Halafu akanigeuzia simu. Vieux Clavier ni yeye. Hana paka.

Nilimwomba radhi kwa "mwizi wa vita". Akasema limempendeza, hajawahi kuitwa mwizi wa kitu kikubwa hivyo. Kisha uso wake ukabadilika.

"Siku ile menyu zako zilijaa, nilitazama mukono wa Hélène. Ulikuwa umepumuzika. Miye nilisema mama amechoka. Kumbe njo miye namuchokesha." Akanigeukia. "Kwa nini haukuniambia, mutoto? Niko hapa tu."

Nikasema niliogopa. Akasema na yeye, kwenye simu, anajiita Kibodi Kizee, kwa hiyo tusilaumiane sana.

Aliandika nikiwa natazama. Vieux Clavier anaondoa neno lake la kwanza. Anaomba menyu iwe na adabu mbili. Anayeshikilia, imtii akiachilia. Anayegusa mara moja, ikae imngoje. Akigusa pembeni, iende, bila kuomba njia. Hapo alinitazama. Na "Zima" ihamie mbali na "Hifadhi". Paul alikubali, wengine wakafuata, na kabla hatujafunga Tonton alikwisha kuiweka kwenye mashini zetu.

Mama Hélène alijaribu. Aligusa mara moja, akaondoa mkono kabisa, akauweka juu ya goti. Menyu ikamngoja. Aliitazama kwanza, kama mtu anayesubiri kudanganywa. Haikwenda popote. Akauinua mkono taratibu, akachagua "Hifadhi", kisha akamwambia Bienfait, bila kugeuka, kwamba mto wake umebaki kwenye stuli, auchukue usije ukachafuka.

Jumapili, tarehe 13

Somo nimelipata. Neno la kweli linasemwa kwa mdomo, kwa mtu aliye karibu. Nimemwahidi Tonton. Papa Kasuku ameandika barua ya kuaga, nzuri sana, nimelia mwenyewe.

Jambo dogo tu. Jana niliona Mama Hélène anapeleka pua mpaka kwenye kioo. Herufi za menyu ni ndogo mno kwa macho yake. Ningemwambia Tonton. Yuko sebuleni, namsikia anakohoa. Sentensi moja. Nimeshaifanyia mazoezi.

Lakini nimefikiri: itakuwa na uzito zaidi ikitoka kwa mtaalamu. Sista Yvette wa Kibombo, muuguzi wa macho. Mpole, ila mkali kwa herufi ndogo. Ameandika barua yake ya kwanza asubuhi hii. Na safari hii nimekuwa mjanja: haombi njia. Anamaliza kwa "Que Dieu garde vos yeux", Mungu ayalinde macho yenu. Hakuna atakayejua.

Kandambili za Tonton ndani ya korido. Zinakuja huku. Zimesimama mlangoni.

Anauliza kama Sista Yvette amekula.

Naficha ukurasa.