Tairi la Spea la Gari la Baba

Jumatatu, 30 Juni 2025

Uchaguzi wa mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Majengo, mjini Mpanda, ni mwisho wa Julai. Severini anagombea. Severini! Mtu ana duka la mabati, ana gari la abiria saba, bado anautaka na uenyekiti. Mwaka jana aliezeka jiko la parokia. Tangu siku hiyo akina mama wakimwona wanamsogezea kiti. Mimi Telesfori nikiingia, kimya.

Nimekaa kibarazani nikilitazama gari la marehemu baba. Ni dogo, la bluu, kuukuu, lakini linatembea. Wazo likanijia hadi nikasimama. Nitalitoa sadaka! Kikundi cha Huruma cha Mama Skolastika kinahangaika kupeleka wagonjwa hospitali, hakina hata baiskeli. Nikiwapa gari, nani atakumbuka mabati?

Verdiana, mke wangu, ameuliza swali moja tu. Mama atakwenda kliniki na nini? Mama yuko kijijini Usevya, moyo wake umepanuka, miguu inavimba, na gari hili ndilo linalomleta Mpanda kila mwezi. Nikamwambia likishakuwa la wagonjwa, kwani mama si mgonjwa? Atalipanda vilevile. Akainuka akaingia ndani. Mwanamke huyu hana upeo.

Alhamisi, 3 Julai

Nimempigia mama. Wema, binti yetu anayekaa naye, alimshikia simu. Mama alilia kwa furaha. Akasema baba angefurahi sana, gari lake kubeba wagonjwa. Akanibariki kwa Kipimbwe, akataja hadi majina ya babu zangu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama gari litaendelea kumfuata na yeye. Nikaapa.

Wema akachukua simu. Akasema baba, bibi hapumui vizuri akilala, na mimi mwezi wa nane najifungua, msitusahau. Nikamwambia nyie tulieni, baba yenu ana mipango.

Nilikutana na Severini sokoni. Kanisalimia vizuri kabisa, akamuulizia mama. Ana lake jambo huyo.

Jumamosi, 5 Julai

Verdiana alikwenda sokoni nami nikapata nafasi. Nikafungua buti. Tairi la spea, jipya! Nililinunua mwezi wa tatu, halijakanyaga vumbi. Niwape na hili bure? Nimesema natoa gari, sikusema natoa na tairi la tano. Nikalitoa pamoja na jeki.

Yale manne ya chini yamekwisha, mawili ni vipara kabisa. Lakini si yanazunguka? Nikayapaka dawa ya viatu. Yameng'aa, aisee! Spea na jeki nimeviweka uvunguni upande wangu, juu nimefunika gunia. Nikaosha gari, nikatandaza kitenge kwenye boneti. Nililipenda upya.

Jumapili, 6 Julai

Aibu. Aibu tupu.

Verdiana alinishauri nimpe Skolastika funguo ofisini, yaishe. Ofisini nani ataniona? Leo Jumapili ya mavuno! Waumini waliandamana na mpunga, kuku, maboga. Nikaja nyuma ya kwaya nikiendesha polepole hadi mlango wa kanisa. Vigelegele! Mama mmoja aliangusha boga. Paroko akalinyunyizia gari maji ya baraka. Nilitokwa na machozi, ya kweli kabisa.

Nikasahau jambo ambalo hata mtoto wa kipaimara analijua. Kila kitu kilichotolewa kwenye mavuno kinanadiwa uwanjani baada ya misa. Kila kitu! Katekista akamaliza kuku, akamaliza mbuzi, akagonga boneti ya gari la baba. Nikamvuta shati, nikamnong'oneza kwamba hili lina wenyewe, ni la Huruma. Akasema mzee, limeshabarikiwa na mavuno, linanadiwa na mavuno. Severini akataja bei. Hakuna aliyepandisha. Akapokea funguo, akageuka palepale, akamkabidhi Mama Skolastika. Eti liende kulekule alikotaka ndugu yetu Telesfori.

Wakambeba juu juu! Mimi nimerudi nyumbani kwa miguu.

Jumatano, 9 Julai

Limeandikwa mlangoni kwa herufi nyeupe: HISANI YA SEVERINI NA FAMILIA. Gari la baba yangu! Wanasema Severini hakuomba, ni wanakikundi wenyewe. Wamwambie mtu mwingine.

Verdiana ameniuliza kama gari lilikabidhiwa na vifaa vyake vyote. Nikamwambia vyote.

Jumatatu, 14 Julai

Wema amepiga simu asubuhi analia. Mama amevimba hadi mapajani, hawezi kulala, anapumua akiwa amekaa. Zahanati wamesema afikishwe hospitali Mpanda leo leo.

Sijui Severini kasikia wapi. Kaja na gari lake, injini inanguruma mlangoni. Akasema ndugu yangu panda twende, hili ni zima. Nipande! Mama yangu ashushwe hospitali na Severini, mji mzima unaangalia, na kura ziko karibu? Nikamshukuru. Nikasema mama aliahidiwa gari la baba na ndilo atakalopanda. Verdiana akanishika mkono, akanisihi mbele za watu. Nikautoa mkono wangu.

Nikaenda na Silvester, dereva wa Huruma. Njiani nilikuwa nayawaza yale matairi. Nikajisemea yatafika tu, mbona yamefika hadi huku?

Naandika haya Usevya, wanamwandaa mama. Kavaa kitenge kipya kwa ajili ya gari. Wema anabaki, kwa hali yake ile barabara itamuumiza. Tunaondoka sasa hivi.

Jumatano, 16 Julai

Mama amekufa.

Tairi la nyuma lilipasuka katikati ya hifadhi ya wanyama, barabara inamopita. Pale huwezi kushuka ukatembea, kuna tembo, kuna simba, na simu hazishiki. Silvester alifungua buti. Akapapasa hadi chini, kisha akaniita nikatazame. Hakuna spea, hakuna jeki. Akasema ni mtu wa roho gani anayeiba vitu vya wagonjwa? Nikasema parokiani kuna wezi wengi, na gari limepitia mikononi mwa Severini, aulizwe yeye. Nilisema hivyo. Mama alikuwa anasikia.

Lilipita lori moja limejaa magunia hadi juu, na tairi lake si saizi yetu. Mbung'o wakatuvamia, tukafunga vioo. Joto likawa kali. Mama alikuwa anahema kwa mdomo, mimi nampepea na kofia. Akasema baba yako hakutoka hata kwenda shambani bila spea. Hakunilaumu. Alikuwa anamkumbuka tu mumewe.

Jua lilikuwa linashuka alipotokea Severini. Alikuwa hospitali na Verdiana wakitusubiri, akaona tumechelewa, akaja kututafuta. Akambeba mama mikononi mwake. Mama alikata roho kabla hatujafika Sitalike, langoni mwa hifadhi, kichwa chake mapajani mwangu. Mama yangu jamani! Nililia kama mtoto. Na amefia kwenye gari la Severini. Hata hilo nalo kalipata yeye.

Ijumaa, 18 Julai

Tumemzika jana Usevya, pembeni ya baba. Severini alivua koti akachimba kaburi na vijana. Kujionyesha tu.

Kuna jambo lilitokea hapa Majengo kabla hatujaondoka na mwili. Wanawake waliingia chumbani kutoa kitanda ili waombolezaji wapate pa kulala. Wakakisogeza. Gunia likavutika. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Verdiana alilitazama lile tairi, akaitazama jeki. Kisha akavua khanga ya mabegani, akavifunika, akawaambia wenzake chumba hiki kiacheni, twendeni sebuleni.

Alisubiri hadi tulipotoka makaburini. Ndipo akasema mama alikuwa anakosa pumzi na sisi tumelalia tairi lake. Nikamwambia ni mipango ya Mungu. Akaniambia nisimsingizie Mungu. Akasema hatamwambia mtu, maana wanangu watauficha wapi uso wao. Ananiomba kitu kimoja tu. Mwezi wa nane gari lile litakwenda kumleta Wema ajifungulie hospitali, tairi lirudi kwenye gari kabla ya siku hiyo. Nikamuahidi. Nilikuwa nalia na yeye alikuwa analia.

Jumapili, 27 Julai

Uchaguzi umeahirishwa kwa heshima ya msiba wangu. Severini ndiye aliyeomba uahirishwe. Mjanja yule! Lakini amenipa muda bila kujua.

Jumapili ijayo ni misa ya kumwombea mama. Nitasimama mbele ya waumini wote nimkabidhi Mama Skolastika tairi la spea na jeki, kumbukumbu ya mama yangu aliyefia njiani. Mabati ya Severini yatasahaulika siku hiyohiyo! Nitaomba liandikwe jina langu, dogo tu, pembeni.

Jana nilikwenda kwa fundi mmoja wa matairi, mtaa wa Shanwe. Ana tairi kuukuu la saizi ileile, kipara, lina nyufa ubavuni, alikuwa anataka kulitupa. Kanipa. Nimelipaka dawa ya viatu mara mbili. Nimeliviringisha kitenge kipya cha mama, ukingo mweusi tu ndio unaoonekana, unang'aa.

Verdiana alilikuta sebuleni limeshafungwa vizuri. Akapiga magoti akalishika. Akasema asante, sasa Wema atafika salama. Ni mara ya kwanza kunisemesha tangu tuzike. Leo amenipikia wali.

Lile jipya nimelipandisha darini. Nikishakuwa mwenyekiti nitahitaji gari, na mahali pa kuanzia ninapo.