Minazi Kumi na Tisa ya Bi Alima

Jumatatu, 4 Agosti 2014
Kambi ya gesi ya Afungi wanataka karani wa kudumu. Mmoja tu! Ofisini kwetu hapa Palma tuko wawili, mimi na Chaquir. Kila mmoja amechapa fomu zilezile za fidia ya minazi ya watu watakaohamishwa kupisha gesi. Dona Lurdes, chefe wetu, yaani mkuu wa ofisi, atalinganisha mafaili yetu Alhamisi. Mwenye makosa machache ndiye atakayekwenda. Chaquir hakosei. Simpendi.

Jumanne, 5 Agosti
Dona Lurdes katufundisha kulinganisha. Skrini nyeusi. Unaandika vim -d, jina la faili la kwanza, la pili, unabonyeza Enter. Orodha mbili zinasimama ubavu kwa ubavu, na mstari usiofanana unawaka rangi. Chaquir aliandika maelezo yote kwenye daftari. Mimi niliona aibu kuandika.

Jumatano, 6 Agosti
Chaquir kaenda kuswali adhuhuri. Nilisingizia tumbo. Nikafungua mafaili yetu: hakuna rangi hata moja. Tunalingana! Basi watamchukua yeye, kamaliza darasa la kumi na mbili, mimi niliishia la kumi. Fomu inampa Bi Alima, mmoja wa watakaohamishwa, minazi kumi na sita. Kwenye faili la Chaquir nikaweka kumi na tisa. Sasa nitoke kwenye skrini. Niliandika toka, ikaandikwa toka. Nikafuta, nikaandika sair, kutoka kwa Kireno. Ikaandikwa sair. Jasho lilinitiririka. Mwishowe nikakumbuka: Esc, kisha :wqa. Chaquir alikuwa tayari mlangoni.

Alhamisi, 7 Agosti
Mstari mmoja umewaka, mwekundu. Nilikimbilia fomu mwenyewe: kumi na sita, kama yangu. Raha iliyoje. Lakini Dona Lurdes kakulia shambani kule Mueda, haamini karatasi. Kasema kesho twende kwa mwenye minazi.

Ijumaa, 8 Agosti
Tulihesabu shambani kwa Bi Alima. Kumi na sita. Nikakohoa kwa adabu. Bi Alima akauliza mbona tunaondoka mapema, akatuvusha hadi shamba la shemeji yake. Mitatu mle ni yake, kapanda mmoja kila alipojifungua. Ardhi ya mwingine, mnazi wako: huku kila mtu anajua, hata mimi, ila mjaza fomu hakuuliza. Mama wa watu alilia. Alikuwa aikose mitatu hiyo, akamshika Chaquir mikono na kumwombea dua. Chaquir akasema hakumbuki kuandika kumi na tisa. Dona Lurdes akasema kumbe na unyenyekevu anao.

Jumatatu, 11 Agosti
Chaquir kaondoka na gari la Afungi. Iliniuma sana, sikugusa hata chai. Lakini nimetafakari na kosa langu nimeliona: nilichezea faili la mtu mwingine. Mwezi ujao wanatafuta karani wa pili. Leo, kwenye faili langu mwenyewe, nimempa minazi arobaini Mzee Selemane, mvuvi ambaye hajapanda hata mchicha. Waende tu wakamwulize.