Simba wa Kengeleni Alivyonyeshewa

Jumatano, 22 Aprili 1942

Nimeshinda uvunguni mwa kitanda cha Hawe tangu asubuhi. Si kwa woga. Mtu mwenye akili hujua pa kukaa.

Mzee Kahindi, mkubwa wa mtaa wetu hapa Kisauni, anapita nyumba kwa nyumba akitafuta vijana wasio na kazi, wapelekwe mashamba ya katani kwa ajili ya vita. Akauliza Tsofa, yaani mimi, yuko wapi. Hawe Kahaso, bibi yangu mzaa baba, akajibu kwamba Tsofa hajamwona tangu Pasaka. Na mguu wangu uko nje! Mzee akautazama. Akasema haya, salamu zake zimfikie Tsofa: mwezi wa tano ukiingia hana kazi, katani inamngoja, hata ajifiche mtungini. Maneno hayo aliuambia mguu.

Katani! Mimi! Niliyesoma mpaka darasa la nne, kasoro mwaka mmoja! Kijana wa jirani amerudi kutoka huko juzi, viganja vyake kama magome ya mnazi. Akishika kikombe, kikombe ndicho kinachoumia.

Nimekwisha.

Ijumaa, 24 Aprili

Sijakwisha!

Jana jioni Koplo Ngowa alituita watu wote uwanja wa shule. Huyu ni Keya wetu, askari wa jeshi la Waingereza, amerudi kutoka vitani Uhabeshi akichechemea. Akasimulia alivyopigwa risasi ya paja, na mama mmoja wa Kihabeshi, asiyemjua wala hawasikizani lugha, akamficha nyuma ya magunia akamlisha mpaka wenzake wakaja. Alisema mama yule hakumwuliza kabila wala dini, alimwuliza kwa mkono tu: umekula? Hapo akafuta macho kwa kofia. Mtu mzima, na medali zake!

Sasa Mfalme wa Uhabeshi ana mwaka mmoja tangu arudi kwenye kiti chake. Koplo anataka tarehe mbili Mei watu wa Kisauni, Likoni na Changamwe tutoke pamoja, tuseme mbele ya kila mtu kwamba Mhabeshi ni jirani yetu na ni rafiki yetu. Bwana Disii, mkuu wa wilaya, ametoa ruhusa. Tuimbe tutakavyo, lakini pasiwe na fimbo, wala mawe, wala matusi.

Hayo mazuri. Lakini mazuri zaidi ni haya: Jumatatu inayofuata Koplo anapeleka lori la dawa na mablanketi huko huko kaskazini, na hana turniboi, yaani msaidizi wa dereva. Atamchagua uwanjani, siku ya maandamano, hadharani.

Turniboi ni kazi. Mwenye kazi haendi katani. Na nikifika Uhabeshi, nani ajuaye, Mfalme huenda akahitaji mtu aliyesoma.

Kero moja. Kuna mwingine ameinua mkono. Kefa, Mmaragoli, amekuja na treni kumfuata mjomba wake wa reli, wanakaa Magongo. Mrefu kama nguzo ya simu, na mazungumzo yake ni hayo hayo ya nguzo. Maskini. Namwonea huruma tangu sasa.

Jumapili, 26 Aprili

Kamati ilikaa baada ya ibada. Wengine wakatoa mawazo ya kitoto: nyimbo, matawi, vikombe vya uji. Mimi nikasimama. Nikasema Mfalme wa Uhabeshi alama yake ni simba, na maandamano ya Uhabeshi bila simba ni harusi bila bwana arusi. Koplo akauliza simba tutamtoa wapi. Ulimi wangu, ambao siku zote hunitangulia, ukajibu kwamba marehemu babu yangu alimwua simba kwa mshale mmoja na ngozi tunayo nyumbani.

Babu yangu alikuwa mgema wa tembo. Simba hakumwona hata kwenye picha.

Wakapiga makofi! Mimi ndiye simba! Nitatangulia mbele ya wote! Kefa, kwa ushauri wangu, amepewa kubeba mlingoti wa bendera, gogo la mvule ambalo huchukuliwa na watu wawili. Nilisema kijana huyu ana mabega. Akaniambia asante sana ndugu. Ndugu! Hajui hata anavyochekwa.

Kache, mpwa wa Koplo, ndiye anayeshona bendera. Aliniuliza mbele ya watu kama ngozi ya babu ina mkia, au mkia nitaongeza wa kwangu. Anapenda kujifanya hanioni. Dalili nzuri.

Jumatano, 29 Aprili

Ngozi ya simba haipatikani. Nimekwenda mpaka Kongowea kwa miguu. Sina raha hata ya kulala.

Mwishowe nikamkuta Rama, fundi wa viatu na ngoma. Anayo ngozi kubwa, imekuja ndani ya bunda la ngozi za bara. Nikaifunua. Mgongo umeshuka nyuma, manyoya mafupi, madoa mwili mzima. Rama akaapa wallahi hatanidanganya, huyu ni fisi. Akasema nichukue niiazime bure, maana wateja wake Wagiriama wakiiona hawaingii dukani, na hajui kwa nini.

Mimi najua kwa nini. Hawe Kahaso kanisani haondoki, lakini jina la fisi halitajwi nyumbani kwake. Husema fisi ni mzee wetu sisi Wagiriama sote. Mtu akifa analiliwa na ukoo wake, fisi akifa analiliwa na kila aliyepo, na anayepita akikuta hanga lake, yaani matanga yake, naye anakaa chini analia. Niliwahi kumwambia Hawe si tumebatizwa? Akanijibu sisi ndio tuliobatizwa, fisi hakubatizwa.

Mambo ya kizee. Mimi ni mtu wa enzi ya lori. Ngozi ni manyoya, na manyoya ni rangi.

Nimeificha nyuma ya choo.

Ijumaa, 1 Mei

Kazi ya mikono yangu! Nimeikandika ngozi udongo mwekundu na bizari yote ya Hawe. Madoa hayaonekani. Kichwa nimetengeneza kwa kikapu, meno ya vifuu. Nywele za shingoni zilinitatiza, mpaka nilipoiona kamba ya katani aliyofungiwa mbuzi wa Mzee Kahindi. Nikaifungua, nikaichambua nyuzi nyuzi. Simba mwenye nywele hata Mfalme hana!

Mbuzi ameondoka, hajulikani alikoelekea. Mzee Kahindi amezunguka mtaa mzima akiita. Mtu mzima, sauti inamtetemeka kwa sababu ya mbuzi! Tsofa kupelekwa katani anaweza kuvumilia, mbuzi kupotea hawezi.

Jioni Kache alikuja kuchungulia. Akasema simba huyu mgongo wake umeteremka kama paa la banda, na ananukia mchuzi wa kuku. Nikamwambia simba wa Uhabeshi ndivyo walivyo. Akauliza tangu lini nimefika Uhabeshi. Wivu huo.

Mawingu yamekusanyika upande wa Nyali. Nimeyapuuza.

Jumamosi, 2 Mei

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umekatazwa. Nitaeleza.

Asubuhi tulikusanyika Kengeleni, watu wengi kuliko Krismasi. Wa Likoni walivuka kwa feri, wa Changamwe wamevaa nguo za kanisani. Mtu hakusukuma mtu. Akina mama wameshika matawi, wazee wamevua kofia. Kefa na gogo lake, bendera ya kijani, manjano na nyekundu. Na mbele ya wote, akinguruma, mimi! Watoto walikimbia. Mbwa walinifuata, nadhani ni bizari. Koplo Ngowa akanipungia mkono. Nikajiona nimekaa juu ya lori tayari.

Tukaimba njia nzima kuelekea uwanja wa Kongowea. Urafiki! Ujirani! Nilikuwa naruka, natikisa kichwa. Kache alicheka mpaka akajishika ubavu, nami nikahesabu hiyo ni sifa.

Tulipoingia uwanjani mvua ikashuka. Si manyunyu. Masika yenyewe! Hakuna aliyekimbia, jinsi watu walivyokuwa wamedhamiria. Mimi nikazidi kuruka. Nikaona maji mekundu yanatiririka miguuni mwangu. Nikadhani nimejikata. Kumbe ni simba anayeyeyuka.

Doa moja. Madoa mawili. Mgongo mzima!

Hawe Kahaso alikuwa safu ya mbele na kina mama wazee. Akanisogelea. Akaishika ngozi, akaipapasa kama anayempapasa mtu. Kisha akatoa ukelele ambao sijausikia tangu babu alipofariki. Mzee wetu! Wamemwua mzee wetu, wamemvisha kikapu!

Akakaa chini matopeni. Wenzake wakakaa. Safu ya pili ikaona safu ya kwanza imekaa inalia, nayo ikakaa ikalia. Walimu wa shule ya Jumapili wakakaa! Mzee wa kanisa akatazama mbinguni, akatazama kushoto na kulia, akakaa. Uwanja mzima kilio. Maandamano ya urafiki yamekuwa hanga la fisi, na fisi ni mimi.

Nikataka kuvua kichwa nieleze. Hawe akanishika mkono wa kushoto, akasema niliyeivaa ngozi nimevaa maiti, nilale. Nikasema Hawe, mimi Tsofa. Akanigonga na mkongojo. Maiti hasemi! Fimbo zimekatazwa na Bwana Disii, lakini nani atamnyang'anya kikongwe mkongojo wake? Nikalala. Topeni. Chali.

Hapo ndipo gari la Bwana Disii lilipofika.

Niliona kwa tundu la kikapu. Akashuka, akasimama, akauliza kwa nini watu wote hawa wanalia, kwani wamekuja kulalamika? Nikasema moyoni ruhusa imekwisha, Koplo amekwisha, na mimi baada yake. Koplo Ngowa akajongea akichechemea. Akamwambia, Bwana, tunawalilia waliokufa Uhabeshi, wao na wetu, waliozikwa pamoja. Bwana Disii akavua kofia yake mvuani. Akasema hajapata kuona mkutano wa amani kama huu.

Koplo alipogeuka, uso wake ulikuwa umelowa, na si mvua peke yake. Akakaa na kina mama. Akalia kabisa, akiita majina ya watu ambao hapa hakuna anayewajua. Hawe akamshika bega. Akamwuliza, mwanangu, umekula?

Nikiwa mfu nilisahau kujihurumia. Kidogo tu.

Kisha Koplo akainuka kumchagua turniboi. Nikainua kichwa. Mkongojo! Nikainua mguu. Mkongojo! Koplo akasema uwanja mzima ulikaa, ndivyo desturi, hamlaumu mtu. Lakini bendera haikukaa. Na kweli. Yule Kefa, mtu wa bara, asiyejua fisi wala hanga, alikuwa amesimama vile vile katikati ya mvua, gogo begani, bendera juu, macho mbele. Hakuna aliyemwambia akae, naye hakukaa. Koplo akasema huyo ndiye.

Nilipiga kelele ndani ya kikapu. Watu wakadhani ni kilio. Wakanipokea!

Jumatatu, 4 Mei

Bado niko mkekani. Hawe na wazee wameamua: niliyeivaa ngozi ndiye mfiwa mkuu, sitoki nje ya ua mpaka hanga liishe, na mkono niliopakia rangi, wa kushoto, haugusi kitu. Nalishwa ugali na shangazi. Ngozi imezikwa kwa sanda. Sanda nzuri kuliko shati langu.

Lori limepita asubuhi. Kefa juu ya mablanketi. Akasimamisha safari, mpumbavu yule, akaja kunipa pole ya msiba. Akasema ndugu, wewe ulinipendekezea bendera, Mungu akulipe. Alikuwa anasema kweli! Hapo ndipo ilipouma. Kache akalipungia lori leso mpaka lilipopotea. Kisha akaniuliza marehemu anaendeleaje.

Mchana akaja Mzee Kahindi. Tsofa hawezi kukimbia, yuko matangani, kila mtu anajua alipo. Akavua viatu, akatoa pole kwa adabu, akala, akanawa. Akaokota unyuzi mmoja wa katani uliobaki kwenye kikapu, akaunusa, akaukunja, akautia mfukoni. Akasema hanga likiisha keshokutwa, gari la katani litakuwa mlangoni. Akasema kwa kuwa napenda sana kuchambua katani, ameniombea niwekwe huko huko kwenye kuchambua.

Mbuzi bado hajaonekana. Hilo amelitaja mwisho, polepole.

Nilimlilia Hawe anifiche uvunguni. Akasema uvungu umejaa.

Alhamisi, 7 Mei

Katani. Mikono yangu! Siku ya kwanza tu na kalamu naishika kwa vifundo. Tunalala kwenye banda, watu kama dagaa. Nilipotaka kueleza kisomo changu, mnyapara akaniuliza kama kisomo kinakata majani. Usiku nililia chini ya gunia. Hanga langu mwenyewe, na hakuna aliyekaa chini.

Lakini leo jioni nimesikia jambo. Wengi hapa ni watu wa Tanganyika, na mnyapara anataka mwisho wa mwezi tufanye sherehe ya ujirani mwema, sisi na wao, kwa amani. Anatafuta mtu wa kuipamba. Atakayependeza atatolewa shambani, awe karani wa mizani.

Nikakumbuka kwamba alama ya Tanganyika ni twiga.

Nimeshamwambia mnyapara kwamba marehemu babu yangu alimwua twiga kwa mshale mmoja. Shingo si tatizo, kamba hapa hazihesabiki. Na ngozi nimeiona moja kubwa imeanikwa nyuma ya banda la wazee wa Kigiriama. Wanapoipita wanainamisha vichwa. Sijauliza ni ya mnyama gani.

Nitaipaka rangi nyingine. Bizari ndiyo iliyoniangusha.