Maganda Yaliyonukia Udi

Jumamosi, 6 Machi 1999

Wewe unayesoma haya, nakusihi, limeze kila neno. Usimwambie mtu. Hasa Thani. Hasa Ami Marhoon!

Ami, ndugu yake marehemu baba, ana bunduki ya kizamani yenye kibali. Maganda ya risasi zake hayatupi. Huyajaza baruti upya mwenyewe. Yakitumika sana, shaba ya shingoni, pale risasi inaposhikwa, hukakamaa na kupasuka. Dawa yake ni kuichoma kidogo ilainike.

Alhamisi kuna mashindano ya kulenga shabaha. Jioni yake Mama atapeleka posa yangu kwa Nasriya, binti wa Ami. Ami akilenga vizuri hukubali lolote. Kila kitu kinategemea maganda!

Leo Thani, mtoto wa shangazi, ambaye naye anamtaka Nasriya, alijitolea kuyachoma. Nikamwahi. Nikasema kazi hiyo naijua kama jina langu. Mimi, karani wa wizara, ninayewasha kiberiti nimefumba macho kwa hofu.

Ami akaonya: shingo tu. Kitako kikae ndani ya maji, kisilainike. Nikaitikia kila neno. Nasriya alikuwa analeta kahawa.

Jumapili, 7 Machi

Nimewasha mtungi wa gesi. Umenguruma. Nimekimbilia uani bila viatu.

Kisha akili ikaja. Chetezo cha Mama, kile cha kufukizia udi! Makaa ni mapole, hayangurumi. Ami alisema shingo tu, kweli. Lakini mtu mwangalifu haachi kazi nusu. Nimeyazika maganda mazima ndani ya makaa. Yakawa mekundu kama komamanga. Mazuri mno!

Wageni wa Mama wameondoka bila kufukizwa. Kaniuliza chetezo kiko wapi. Nikamwambia labda kaazima jirani.

Jumatatu, 8 Machi

Nimeyasugua kwa ndimu na majivu. Yanang'aa.

Thani kapiga simu ofisini, kwa ile simu yake ya mkononi, kuuliza kama nyusi bado ninazo. Nikamjibu kwamba kazi imekwisha. Akakata simu. Ushindi! Mkurugenzi akauliza nacheka nini peke yangu. Nikasema mafua.

Jumatano, 10 Machi

Msiba.

Ami kalipokea ganda la kwanza, kalinusa. Kalinusa tena. Akauliza, "Mahfoudh, mwanangu, umeyafukiza? Kwani unayaoa?"

Thani akacheka mpaka simu yake ikatumbukia kwenye birika la kahawa. Hilo peke yake limenifariji.

Kisha Ami akatwaa koleo, akabana kitako. Kikabonyea kama tende mbivu. La pili vilevile. Yote! Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba ganda laini namna hii likipasuka bundukini, linaondoka na uso wa mtu. Nyuma ya pazia kuna mtu alicheka. Naijua sauti hiyo.

Hana maganda mengine. Kesho halengi. Posa yangu basi tena.

Alhamisi, 11 Machi

Ami hakulenga. Alikaa na wazee wenziwe akiwahadithia maganda ya udi. Kila aliyefika akahadithiwa upya. Mzee Bakhit alilia kwa kucheka. Ami hajapata kufurahi hivi hata akishinda!

Jioni Mama akaenda. Nilijifungia chooni. Aliporudi akasema Nasriya ameulizwa, akajibu kwamba heri mwanamume anayeogopa moto kuliko anayejisifia simu ya mkononi. Ami kakubali! Sharti moja tu: "Nnamtaka asiguse kitu changu chochote. Chochote."

Ijumaa, 12 Machi

Siku njema. Nimetafakari sana. Sharti la Ami ni la haki kabisa.

Ila mshipi wake wa risasi, ule wa ngozi, alioachiwa na babu yake, umekauka unatia huruma. Nimeuchukua kimyakimya wakati wa kahawa. Nitaurudisha laini kama kitambaa, atashukuru. Nimeupaka mafuta ya nazi, nimeutia kwenye oveni ya Mama. Moto mdogo. Hakuna anayeogopa oveni.

Mama anauliza ni nini kinachonuka.

Ukinihitaji, usipige simu nyumbani. Wala ofisini Maskati. Thani anaijua namba. Nenda Sidab, nyumba ya bibi yangu Bakhita, mlango wa nyuma. Bisha polepole. Sema umeleta samaki.