Dari la Jirani na Shahidi wa Kijani

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Jengo,

"Rangi haina upendeleo." Ndivyo fundi bomba wenu alivyojigamba mbele ya wapangaji, baada ya kumimina rangi yake ya kutafutia maji yanakovujia bafuni mwangu, kisha kushuka na taa ya zambarau kwa jirani wa chini na kukuta dari la jiko linang'aa kijani. Kwa ushahidi huo mmeniamuru nivunje sakafu ya bafu: vigae nilivyovibandika kwa mikono yangu! Kwa heshima zote, nakataa.

1. Tumchunguze shahidi wenu. Rangi hiyo humeza mwanga wa zambarau ikatema wa kijani. Mtu akipokea neno moja na kutoa jingine tunamwita mzushi. Ninyi mmempa kiti cha hakimu.

2. Taa ikizimwa, hana la kusema. Shahidi wa kumulikiwa tochi!

3. Taa ile ile ilipompitia jirani, shati lake jeupe liliwaka kama mbalamwezi. Fundi akasema eti ni sabuni ya unga, ina dawa ya kung'arisha. Makubwa! Shati likiwaka ni sabuni, dari likiwaka ni mimi.

4. Jirani analalamika kwamba mkewe anapika huku ameshika mwavuli, na kwamba mtoto wao anakohoa kwa ukungu wa ukutani. Kuhusu kikohozi, nampa pole. Kuhusu mwavuli, kila mtu ana mtindo wake wa kupika, na mimi si mtu wa kuingilia majiko ya watu.

5. Kwa hiyo livunjwe dari la jirani, kwa kuwa linalong'aa ni lake. Na fundi aniombe radhi pale kwenye ngazi, kwa sauti.

Nisalimieni wajumbe wote, hata wale walioangua kicheko, na shemeji wa chini na mwavuli wake.

Ni mimi, mtetezi wa vigae,
Mpangaji wa juu

Nyongeza: Ili kuwaumbua, asubuhi hii nimenunua rangi ile ile na kumwaga chupa nzima bafuni. Sasa hivi shemeji amepanda, kilemba chepechepe, kijani, mkononi bakuli la uji wa mtoto, kijani pia. "Shemeji," ameniambia, "leo hata taa ya nini?"

Fundi bomba, njoo na nyundo. Mlango uko wazi. Ila taa yako iache huko huko.