Harusi ya Samaki wa Baba Bwawa

Redio ya Kinyozi huwa haina la maana mpaka mwenyewe awe ameshika wembe kwenye kichwa cha mtu. Jana ilitangaza kwamba maafisa ugani wa samaki wamepewa pikipiki mpya, na sasa watamfikia kila mfugaji mdogo, hata mwenye kidimbwi cha kuogea bata.

Benchi zima la kijiwe chetu hapo kwa Kinyozi likamgeukia Baba Bwawa. Huyu ndiye aliyeng'oa bustani ya mboga ya mkewe akachimba bwawa nyuma ya nyumba.

"Umekwisha," akasema Fundi Viatu, misumari mdomoni.

"Nimekwisha nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mke wangu kasema leo apate samaki wa kujaa kikaango, la sivyo anafukia bwawa, mboga zinarudi. Tangu asubuhi anatembea na koleo."

"Kwani samaki wako wakubwa kiasi gani?" nikauliza.

Akaonyesha kidole chake cha mwisho. Halafu akakikunja nusu.

"Tangu mwaka jana? Hao samaki au viluwiluwi?"

"Lakini ni wengi, bwana! Ukichota ndoo, unatoka na samaki na maji kidogo."

"Sisi tulitimiza wajibu," Kinyozi akajitetea. "Yule afisa ugani, bibi samaki, alileta vifaranga, akasema atarudi, mara pikipiki haina mafuta, mara haina gurudumu. Nani alibaki na wewe? Sisi! Na nani aligundua ugonjwa? Mimi. Nilichungulia mara moja tu, nikasema hawa wana upweke. Samaki anakula anazubaa, anakula anazubaa. Hana mke!"

"Mimi nikasema waozwe," Fundi Viatu akadakia. "Penye wengi hapaharibiki neno. Tukaleta majike ndoo nzima kutoka kwa yule mfugaji wa bondeni. Nikawapa mabwana harusi mawaidha."

"Ukalia," nikamkumbusha.

"Ndoa ni mchezo?"

Tulicheka mpaka mteja wa Kinyozi, nusu kanyolewa nusu bado, akatusihi tutulie asipoteze sikio. Ndipo pikipiki ikanguruma, mpya kweli, nailoni ingali kwenye kiti. Bibi samaki akapita moja kwa moja kwa Baba Bwawa. Sisi nyuma, na mteja nyuma yetu, kitambaa shingoni.

Mama Bwawa alikuwa ukingoni na koleo lake.

"Karibu, mwanangu. Nilikuwa nakungoja wewe tu nianze kufukia."

Bibi samaki akavuta wavu. Vikaja visamaki kama mbegu za maboga, vinarukaruka. Akaokota kimoja, akakigeuza tumbo. Akaokota kingine.

"Baba, majike wametoka wapi?"

Baba Bwawa akatutazama sisi.

"Mimi nilikuletea madume watupu, tena kwa makusudi! Ukiwachanganyia majike wanazaana kila kukicha, chakula kinagawanywa ukoo mzima, hakuna anayekua. Madume wakikaa peke yao hawana shughuli, wanakula na kunenepa tu. Nani alikushauri?"

Baba Bwawa akatunyooshea kidole. Kinyozi akakumbuka ana mteja dukani, wakati mteja alikuwa kamshika mkono. Fundi Viatu akaanza kukagua soli ya kiatu chake mwenyewe.

"Kwa hiyo ndiyo linafukiwa?" Baba Bwawa akauliza kwa sauti ya mtu anayemuuliza daktari. Nilimhurumia kweli. Mtu huyu huliamkia bwawa lake kabla hajatuamkia sisi.

"Halifukiwi. Mnalikausha, mnaanza upya na madume. Safari hii nakuja mwenyewe kila mwezi."

Macho yote kwa Mama Bwawa. Akaegemea koleo, akamgeukia bibi samaki.

"Hebu nielewe, mwanangu. Madume wakikusanyika pamoja, bila wake, bila kazi, wanakula na kunenepa?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hilo nalijua! Nawapita kila siku hapo kwa Kinyozi."

Bibi samaki akaangua kicheko hadi akashika mti. Mama Bwawa akampa mumewe koleo.

"Haya, kausha. Nakupa nafasi ya mwisho. Na hawa wanono wako wakusaidie."

Tulipogeuka tutoroke, pikipiki mpya ilikuwa imeziba njia ya uani. Hadi jua linazama kijiwe kizima kilikuwa kwenye tope hadi magotini, na mteja wa Kinyozi anachota maji kwa ndoo, nusu kanyolewa nusu bado.